Majina Thelathini na Moja ya Kinu cha Shangazi

Jumanne, 24 Juni 2025

Leo nimekabidhiwa Idara ya Mishahara. Idara ni meza yenye miguu mitatu na tofali moja, katika kinu cha kukoboa kahawa cha Shangazi Sperancia, hapa Bugene. Julai mosi mwaka mpya wa fedha unaanza, na Shangazi anataka orodha ya wafanyakazi, makato na michango yao viwe safi ifikapo Jumatatu. Nikifaulu, atanilipia ada nirudi chuoni. Nilisimamishwa mwaka mmoja kwa mgomo wa maharage, ambao historia itauhukumu kwa haki. Shangazi ameongeza sharti moja: nisianzishe mgomo. Nimekubali. Mtu aliyesoma hutofautisha mgomo na mwamko.

Kikwazo ni Mzee Egbert, karani, Mhaya wa Muleba, miaka kumi na tisa kinuni. Mishahara yote imo katika daftari lake lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Mistari tisa, wafanyakazi tisa. Nimemwamkia shikamoo, kisha nikamweleza kwamba zama za daftari zimekwisha. Ameitikia marahaba Placidia, akaniomba nisogeze kiwiko, kimelala juu ya safu ya michango ya NSSF.

Jumatano, 25 Juni

Nimeita majina. Kashfa. Nestory, mshona magunia, ana kitambulisho cha mtu wa miaka hamsini na moja na uso wa kijana wa ishirini na tano. Nilipombana alijibu bila aibu kwamba Nestory yuko kwao Isingiro anavuna kahawa. Yeye ni mdogo wake, Privatus, na wiki hii ndiye Nestory.

Wenzake hawakumshangaa yeye, walinishangaa mimi. Kumbe hapa nafasi ya kazi ni ya nyumba nzima, kama kibanja, shamba la migomba la ukoo. Mwenye nafasi akifiwa, akivuna, au akikamua rubisi, pombe ya ndizi, kwa ajili ya harusi, humtuma ndugu, na mshahara huingia kwa jina lilelile. Miaka kumi na tisa ya jasho lisilo na jina!

Nikapanda juu ya gunia. Nikatamka kwamba tangu leo hakuna mkono utakaofanya kazi bila jina. Benadeta, mchambua kahawa, akauliza kama mkutano una posho.

Alhamisi, 26 Juni

Isingiro kwa pikipiki, kwenda na kurudi. Kiuno kimejitenga nami. Nimehutubia uani kwa Nestory, mbele ya kahawa iliyoanikwa, kwamba yeyote aliyewahi kumshikia ndugu nafasi aandikwe, na Jumamosi aje kinuni kuhakiki jina lake. Habari ikakimbia kuliko pikipiki yangu, na simu zimelia mpaka nafika Bugene.

Majina yamefika thelathini na moja. Yumo Bibi Kokwijuka, mama yake Nestory, aliyeshona magunia mchana mmoja mwaka ule daraja lilipokatika. Yumo mtu aliyewahi kuleta chakula tu. Nimemwandika. Chakula nacho ni nyenzo ya uzalishaji.

Ijumaa, 27 Juni

Shangazi ameisoma orodha akiwa amesimama, kisha ameketi. Mzee Egbert akakohoa, akaomba ruhusa ya kusema neno. Mwajiri mwenye watu kumi au zaidi hulipa tozo ya ufundi stadi. Sisi tuko tisa. Shangazi akaniuliza kama huko chuoni thelathini na moja ni zaidi ya kumi ama ni chini. Nikajibu kwamba idadi ni nguvu. Akaagiza niichane.

Kuchana orodha ni kuwafuta watu. Nina mpango. Alfajiri nitaibandika langoni. Umma ukishajiona kwa maandishi, nani atathubutu?

Jumamosi, 28 Juni

Umma umefika saa moja asubuhi, umejiona kwa maandishi, umeomba mshahara wa Juni.

Nilifafanua kwamba kuandikishwa ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine. Bibi Kokwijuka akaniita mjukuu, akasema nina akili lakini ninasahau upesi: si mimi niliyesema hakuna mkono bila jina? Basi jina lile pale langoni, na mkono ndio huu. Akaunyoosha. Wakaketi wote juu ya magunia. Wakobozi wakashindwa kazi, maana nani atamwondoa mama yake juu ya gunia? Saa nne mashine ikazimwa. Kahawa ya wateja nje, mawingu juu.

Shangazi akaniita kando, akauliza kwa upole wa kutisha kitu hiki kinaitwaje. Nikasema ni mwamko. Akasema kwao Bukoba huitwa mgomo.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya Misa wameitwa wote uani mwa kinu. Mzee Egbert akapitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna, kila mtu akachukua punje mbili, hasira zikapungua. Kisha akafungua daftari ukurasa wa nyuma. Kuna safu inaitwa Likizo, tupu toka juu hadi chini. Sheria humpa mfanyakazi siku ishirini na nane kwa mwaka, zenye malipo. Hakuna aliyeziomba kwa kuwa kila mtu alimtuma ndugu, naye Mzee Egbert kila Juni humwandikia Shangazi kikaratasi ambacho Shangazi hasomi. Basi, akasema, kuanzia Julai mwenye kuvuna atachukua likizo kwa zamu, na ndugu abaki kwake.

Wamepiga makofi. Kwangu hawakupiga. Bibi Kokwijuka ameondoka na kilo ya kahawa kwa ajili ya mchana wake ule.

Nimesoma sheria ya kazi muhula mzima. Sura ya likizo ilifundishwa tukiwa mgomoni.

Jumatatu, 30 Juni

Orodha imekamilika. Majina tisa, vitambulisho tisa, nyuso zinazolingana. Nimeihakiki mara tatu. Mimi simo.

Mimi, niliyefanya kazi siku saba! Mzee Egbert amesema kwa huruma kwamba nikiingia ninakuwa wa kumi, na tozo itaanza na mimi. Shangazi amesema mtoto wa nyumbani hasajiliwi. Amenionyesha bahasha ya ada juu ya kabati. Itakuwa yangu iwapo Julai itapita kwa utulivu. Mwezi mmoja tu.

Hakuna mkono bila jina. Nimeandika notisi ya mgomo wa wasiosajiliwa, kuanzia kesho saa mbili asubuhi. Mwenyekiti: Placidia. Katibu: Placidia. Wanachama: kama hapo juu. Nimeigonga muhuri wa kinu. Mzee Egbert ameipokea nakala yake kwa mikono miwili, akauliza itachukua siku ngapi, akaiingiza kwenye safu ya Likizo, bila malipo.

Shangazi ameisoma ya kwake, ameishusha bahasha kabatini, ameifungia sandukuni na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga. Ameogopa. Ndivyo waajiri wanavyoanza kushindwa.