Habari, Mzazi wa Mwenza

Jumatatu, 4 Machi

Bosi katukusanya. Kampuni imetuwekea programu mpya kwenye kompyuta na simu, ya kutufundisha maneno yasiyombagua mtu. Ukiandika neno baya, linapigwa mstari wa zambarau na unapewa jingine. Mfagizi sasa ni "mdau wa usafi". Mdau mwenyewe akauliza kama glavu zitakuja. Bosi akasema swali zuri, akafunga kikao.

Wenzangu waliguna. Mimi nilishukuru! Wiki ya pili hii nalala peke yangu, nakula mkate mkavu. Nilimwita mama mkwe "kizee cha fitina", kumbe simu sijaikata. Mke kabeba begi, kaenda kwao. Harudi mpaka nimwombe mama yake radhi. Na mdomo wangu huu, kila ukifunguka unaniponza. Basi mashine iniombee.

Jumanne, 5 Machi

Niliandika: "Shikamoo mama. Nimekosa. Nisamehe mimi mwanao mjinga." Lo! Zambarau tupu. "Shikamoo" inamweka mtu juu ya mwingine, weka "Habari". "Mama" inawatenga walezi wengine. Weka "mzazi wa mwenza". "Nimekosa" ni kujidhalilisha. Weka "kumetokea changamoto kwa pande zote". "Mjinga" ni "mtu aliye katika safari ya kujifunza".

Nikabonyeza Kubali Yote, nikatuma. Maneno ya waziri kabisa! Mwanyumba wangu, yule seremala aliyemwoa dada wa mke wangu, anapendwa ukweni kwa sababu ya kutengeneza vitanda tu. Sasa atanitambua.

Alhamisi, 7 Machi

Mungu wangu! Mama mkwe kapiga. Kauliza tangu lini mkwe anampa "habari" mtu aliyemzaa mkewe. Na hizo pande zote ni zipi, yeye kamtukana nani? Kasema afadhali "kizee cha fitina", lile angalau lilitoka moyoni. Nyuma yake nikamsikia mwanyumba akicheka mpaka akapaliwa. Nyau yule!

Mke naye kachukua simu. Nisipofika Jumamosi kwa miguu yangu, anakuja kuchukua vyombo vyake.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeenda. Simu nimeiacha nyumbani, amri ya mke. Mwanyumba alikuwepo, anapiga randa mlango wa jikoni, meno yote nje. Nikapiga magoti kwenye takataka za mbao zake. Nikasema shikamoo mama, nimekosa, mdomo wangu hauna breki. Nililia kweli, ingawa magoti nayo yaliuma. Mama mkwe akakaza kanga kiunoni, nikajua ndiyo basi. Kisha akaitika marahaba. Akaongeza kuwa fitina anayo, ila kizee bado.

Mke akaenda kufunga begi. Kwa furaha nilimshikia mwanyumba mlango wake.

Jumapili, 10 Machi

Mke yuko nyumbani! Kaniambia nimwandikie mama yake shukrani. Kazi ndogo. Niliandika: "Asante sana mama kwa kunirudishia mke wangu." Zambarau kidogo. Mashine ikapendekeza: "Nathibitisha kumpokea mwenza akiwa katika hali nzuri." Fupi, safi, ina heshima zake. Nikatuma.

Mke alikuwa chumbani anatoa nguo begini. Simu yake ikaita, mama yake huyo. Bila shaka ananisifu. Sasa nasikia zipu ya begi inavutwa. Nadhani kamaliza kupanga.