Pweza Mmoja kwa Sauti Kumi na Mbili

Bweni, Mafia

Kwa Mwalimu Sospeter,
Kiongozi wa Kwaya ya Sauti Kumi na Mbili,
Kilindoni.

YAH: KUONDOLEWA KWANGU KATIKA REKODI ZENU ZA NYIMBO ZA IBADA, ZA ASILI NA ZA KISASA

Mwalimu, salaam. Sina ugomvi na kwaya wala na dini ya mtu. Walimu, wauguzi na makarani kumi na wawili kuacha usingizi wa mchana wakaimba ni jambo la heri, na rekodi zenu nimezisikiliza zote, kwa simu yangu na bando langu. Mimi ni Katibu wa kikundi cha wakulima wa nazi, nimezoea kuandika mihtasari, kwa hiyo nitakwenda kwa namba.

1. Wimbo namba saba. Karatasi yenu ya maelezo inasema ni "wimbo wa kale wa wavuvi, ulioimbwa tangu enzi za mji wa Kua, kuhusu Shamte, pepo wa baharini akaaye chini ya dunia." Mwalimu, Shamte ni mimi. Sijawahi kuwa pepo. Wimbo una miezi minane tu, na aliyeutunga ni mke wangu Biasha, ambaye amesusa yuko kwa kaka yake Kiegeani, anapiga makumbi ya nazi ya kusuka kamba na wenzake. Mlipofika na simu zenu kuwaomba wimbo wa asili, waliangaliana, wakawapa huo. Nashangaa hamkujiuliza kwa nini wanawake wanane wanashika mbavu kwa kicheko katikati ya wimbo mnaouimba ninyi kwa huzuni.

2. Maneno yenyewe. Nayanukuu kwa uchungu:

Shamte ee, wanukia nini?
Mkwe ala dagaa, wewe uvunguni!

Hapo inadaiwa kwamba mama mkwe wangu, Bi Zawadi, alipokuja kututembelea, nilificha sufuria ya pweza wa nazi chini ya kitanda, nikamwacha ale dagaa, nami nikaingia uvunguni kula peke yangu. Nakanusha. Niliingia uvunguni kutafuta kandambili. Harufu ya nazi si ushahidi, mimi ni mkulima wa nazi. Na mchuzi uliokutwa kidevuni ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Bi Zawadi mwenyewe siku ile hakulalamika.

3. Upangaji wa sauti. Wanawake wa Kiegeani huniuliza mara moja tu ninanukia nini. Ninyi mnaniuliza mara kumi na nne. Sauti ya kwanza inauliza, ya pili inauliza, ya tatu inauliza kana kwamba haikuwasikia wenzake, kisha Bwana Costantine na besi yake anabaki huko chini akirudia "uvunguni, uvunguni" taratibu, kama shahidi mahakamani. Muuguzi Clotilda naye analivuta neno "dagaa" kwa sekunde kumi na moja, nimepima kwa saa. Dagaa gani wale wa sekunde kumi na moja?

4. Nilidhani yameisha. Kumbe wimbo namba kumi na mbili, upande wa kisasa, ni huohuo, umetiwa kinanda na ngoma. Sasa unachezwa harusini, na una mtindo wake: unainama, unachungulia, unatafuna. Ulipigwa kwenye boti ya Nyamisati nami nimo, na abiria mmoja akaniomba nimwoneshe mtindo halisi.

5. Upande wa ibada sikutegemea kujikuta, lakini nimo. Wimbo namba tatu mmechukua tuni ileile mkaitia maneno ya sifa. Watu wazima mnamwinulia Mungu mikono kwa tuni ya pweza wangu, samahani, pweza anayedaiwa kuwa wangu. Mimi ni Mwislamu, ibada yenu siiingilii. Nauliza tu kwa upole: siku mkiulizwa huko juu tuni hii mliitoa wapi, mtanitaja?

6. Hili ndilo kubwa. Biasha alisema atarudi siku nitakapokiri kwa kinywa changu mbele ya mama yake. Nimepeleka wazee mara mbili, wamerudi na jibu hilohilo. Nilikuwa nasubiri achoke. Lakini sasa kila akitaka kusahau, spika ya jirani inamkumbusha kwa sauti kumi na mbili, na nasikia amenenepa kwa kucheka. Mwalimu, nyumba imenishinda. Bado nachemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, ya pili naimwaga. Namtaka mke wangu, na ninyi mnamfurahisha hukohuko aliko.

Kwa hiyo naomba nyimbo namba tatu, saba na kumi na mbili zifutwe, au jina langu libadilishwe liwe la Costantine. Ni refu, lakini kwa mafunzo yenu mtalibana. Pia libandikwe tangazo sokoni kwamba mimi si pepo. Siku saba zikipita kimya, kikundi chetu kina wakulima arobaini wenye vifua, nasi tutarekodi wimbo kuhusu kwaya yenu.

Wako mwenye kutafuta haki na usingizi,
Shamte Mfaume, Katibu.

Nisalimie Muuguzi Clotilda, Mungu amzidishie pumzi. Nisalimie Bwana Costantine, tutaonana. Wakubwa wote katika kwaya shikamoo zao, na watoto nawabusu.

Baada ya kuandika: Kabla sijafunga bahasha nimesikia kwamba Jumamosi mnakwenda Kiegeani kuwaimbia wale wanawake, na Bi Zawadi atakuwepo. Basi msifute kitu. Ongezeni ubeti huu:

Mama ee, nanukia pweza,
Nilikunyima kusudi, leo najieleza.

Siku ile Bi Zawadi alinishukuru kwa wale dagaa, Mwalimu. Akaniombea dua ya riziki, nami bado nikitafuna. Nimejaribu kuukariri ubeti mbele ya kioo, lakini nikifika "nilikunyima" sauti inakauka. Kwa hiyo uimbeni ninyi, wote kumi na wawili, kwa nguvu, nami nitasimama mbele nikifungua na kufumba mdomo. Biasha alidai kinywa changu, sauti hakuitaja.