Mnara Nilioujenga kwa Mdomo

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe anakuja Alhamisi! Kumbe anaamini mimi ndiye niliyechora ule mnara mpya wa vioo ilikohamia ofisi yetu. Sijui kayasikia wapi. (Kwangu.) Lakini ni uongo? Nilichora vyoo. Vya ghorofa zote, tena peke yangu! Yaliyobaki alichora bosi wangu, Msanifu Mkuu, mtu wa maneno machache na miwani minene. Mke wangu ameniambia nimweleze mama yake ukweli mapema. Nimemwambia atulie. Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi
Nimeongea na mlinzi wa mlangoni. Alhamisi nikiingia apige saluti na kuniita Mkuu. Akauliza mkuu wa nini. Nikamwambia yeye apige tu. Amekubali kwa chakula cha mchana.

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi ukumbini. Nilikuwa natembea kinyumenyume nikionyesha dari kwa madaha, nikaingia kwenye mlango wa kuzunguka. Ukakwama! Nami ndani, kama samaki kwenye chupa. Msanifu Mkuu akapita, akanitazama, akatikisa kichwa, akapanda lifti. Mlinzi ndiye aliyenitoa. Sasa anataka na cha jioni.

Alhamisi, 7 Machi
Loh! Mlinzi kampigia saluti mleta maji ya kunywa. Sisi tukaambiwa tuandike majina. Nikamwambia mama walinzi wa siku hizi ni wageni wa kazi.

Ndani ya lifti akanishika mkono, hakuniachia. Kumbe lifti anaiogopa. Nikajuta kidogo. Kidogo tu. Mara lifti ikasimama, akaingia nani? Msanifu Mkuu mwenyewe! Mama hata hakungoja mlango ufungwe.

“Baba, unamjua mkwe wangu? Jengo hili kalichora yeye.”

Nikatazama viatu vyangu. Msanifu akavuta pumzi. “Tunafanya kazi pamoja, mama.” Mungu ampe maisha marefu!

Juu kabisa tukatoka sote watatu, mama akautazama mji, akasema ni kuzuri, ila ni kama kuishi ndani ya glasi. Akaomba choo. Akakaa humo hadi nikaingiwa na hofu. Akatoka anang'aa! Ndoano ya mkoba ipo, tena mkono unaifikia. Mlango haukugongi magoti. Na kuna chuma cha kujiinulia. Akasema jengo zima, humo tu ndimo mtu kamfikiria binadamu. Nani kachora?

Nikawahi kusema ni kazi ya kijana mmoja wa ofisini, asimjali.

Msanifu akakohoa. “Hapana, mama. Vyoo ni vyake huyu. Kwa kile chuma alinigombeza mpaka nikasalimu amri.”

Mama akanigeukia taratibu. “Ulikuwa unayawaza magoti yangu?”

Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli. Ilinitoka kwa taabu, sijazoea. Akanikumbatia mbele ya bosi, akasema sanduku refu la vioo yeyote anaweza kulisimamisha.

Bosi akaitazama dari yake. Miwani ikameremeta.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu anacheka tangu asubuhi. Anasema nimeona sasa, ukweli haumli mtu. Nimekubali. Nimeapa: maneno makubwa basi!

Jioni mama mkwe kapiga simu. Majirani zake wanauliza, lile daraja jipya la mtoni, nalo nina mkono wangu?

“Lile? Ah, mama. Nguzo mbili tatu.”

Wanakuja kuliona Jumapili, wote. Kesho natafuta wa kuniazima kofia ya ujenzi.