Mpulizia Dawa wa Kuazima

Leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto, na kilichoniaibisha ni shikamoo! Nipo nyumbani kwangu, mtaa wa Sakina, viatu vina tope la Mlima Meru, chai imepoa. Hasira haijapoa.

Mnajua kazi yangu. Nasimamia ubora kwenye kikundi cha wakulima huko juu mlimani. Tunalima maharage machanga, yale yanayoliwa pamoja na maganda yake, na mnunuzi wetu anayapeleka nje. Hachukui hata kikapu kimoja bila cheti. Kwa hiyo kila msimu anakuja mkaguzi kuangalia kama tunatunza mto, kama vibarua wanapata haki zao, na kama anayepulizia dawa anavaa kinga. Tukifeli, maharage yote yanaishia sokoni Kwa Mrombo, ambako watu wanayageuza geuza na kuuliza kama ni chakula cha sungura.

Mto, safi. Vibarua, hakuna malalamiko. Kinga sasa! Juzi nafungua stoo, patupu.

"Mama Neema, ovaroli ziko wapi?"

Mama Neema ndiye mwenyekiti wetu. Hata hakushtuka. "Si ndizo tunakamulia ng'ombe?"

Mabuti je? Yamekwenda kumwagilia migomba. Miwani ya kinga anavaa mume wake kwenye pikipiki. (Eti inazuia vumbi vizuri sana. Asante kwa taarifa!) Na mtu wetu pekee aliyesomea kupulizia dawa alishahamia Babati.

Nikataka kulia. Mama Neema akanishangaa. "Kwani ukiwa na harusi unanunua masufuria? Si unaazima?"

Kikundi cha jirani kilikuwa kinakaguliwa jana. Wana kinga zote, na wana Mzee Kaaya, mpulizia aliyefundishwa vizuri. Tungeazima vyote, na mzee juu yake. Nikagoma. (Kidogo.)

"Mkaguzi akimtambua je?"

"Kwa jirani anakwenda mwanamke, kwetu wamesema mwanaume. Halafu yule mzee akishavaa yale mavazi, hata mke wake hamjui."

Leo asubuhi gari linasimama. Anashuka dada mmoja, mabuti yake yana tope la jana. Anasema mwenzake aliyepangwa kuja kwetu anaumwa, hivyo atatukagua yeye. Nikakimbia nyuma ya banda alikojificha Mzee Kaaya.

"Mzee, nakuomba. Usivue kitu, usiseme kitu. Nyunyiza maji tu kwenye mistari, basi."

"Sawa mwanangu."

(Sawa mwanangu! Likumbukeni hilo neno.)

Tukaenda shambani. Mzee yuko tayari: kofia, miwani, barakoa, glovu, bomba la dawa mgongoni. Hata ukucha hauonekani. Dada akapiga picha, akasema, "Hongereni, hapa mmejipanga." Nikapumua. Ningenyamaza hapo ningekuwa salama, lakini domo langu mnalijua. Nikaanza kueleza jinsi tunavyomthamini mpulizia wetu, tuko naye miaka yote, kwetu ni kama baba.

Na dada wa watu, kwa malezi yake mazuri, akamsogelea. "Shikamoo baba."

Jamani! Mzee gani wa Kimeru ataitikia shikamoo huku mdomo umefunikwa? Akatua bomba. Akavua glovu. Mimi natikisa kichwa, nakohoa, namkanyaga mguu. Wapi! Akavua miwani, akavua barakoa, akatabasamu meno yote nje.

"Marahaba mwanangu! Mlifika salama jana? Lile gari halikunasa tena baada ya pale tulipolisukuma?"

Naapa hata ng'ombe wa Mama Neema aliacha kutafuna.

Dada akamwangalia mzee, akaniangalia mimi, akarudi kwa mzee. "Baba, kwani wewe ni wa kikundi gani?"

"Mimi? Jana nilikuwa wa kule. Leo ni wa hapa. Kesho wameniomba wa bondeni."

Mama yangu weee! Kumbe na wa bondeni! Ameumaliza mlima mzima kwa pumzi moja, na bado anatabasamu.

"Kama baba yenu," dada akasema polepole, akinitazama. Mama Neema akakumbuka ghafla kwamba ana uji jikoni, akaniacha nimesimama peke yangu katikati ya maharage.

Cheti hatujapata. Tununue kinga zetu wenyewe, tufundishe mtu wetu, ndipo atarudi. Sasa maharage machanga yanamsubiri nani? Ukichelewa kuchuma siku chache tu, yanakuwa kamba.

Dada alipoondoka nikamvaa mzee. "Si nilikwambia usiseme kitu?"

Akanikazia macho, kashangaa kwelikweli. "Sasa mwanangu, mtu jana kanasa kwenye tope mbele ya macho yangu, leo ananisalimia, nimnyamazie? Wewe umelelewa wapi?"

Nikamwambia tu, "Samahani mzee," nikambebea bomba lake mpaka barabarani. Yaani nimefeli ukaguzi na kusemwa nimekosa malezi, yote kabla ya chakula cha mchana!

Haya, chekeni. Ila kila anayecheka, kesho asubuhi namtaka Kwa Mrombo na kikapu chake.