Hatujawahi Kufungwa Fainali

Jumatatu, 1 Septemba

Tumerudi na kipigo cha bara. Nne bila! Ugenini, sawa, lakini nne! Kipa wetu alikuwa anapunga mikono kama mtu anayefukuza nzi. Mimi, msemaji wa klabu, nilikuwa nimeahidi redioni kwamba tungewatandika mpaka wasahau njia ya kwao. Waliosahau njia ni mabeki wetu.

Mwenyekiti aliniita kabla sijafungua begi. Akauliza kazi ya msemaji ni nini. Nikasema ni kusema. Akasema basi nimesema vya kutosha. Jumamosi ni marudiano hapa nyumbani, na mashabiki wameapa hawaji. Nisipowarudisha uwanjani, kazi yangu atapewa mkwewe. Mkwewe! Mshereheshaji wa harusi, anayelia kabla ya mama wa bibi harusi!

Kuhusu rekodi yetu ya mashindano ya bara, sina la kuandika. Kabla ya safari hii tumeingia mara sita, tumetoka mara sita, zote raundi ya kwanza. Hatujashinda mechi hata moja. Bara kwetu ni homa: inakuja, inatutikisa, inaondoka.

Jumanne, 2 Septemba

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Rekodi yetu si mbaya, imesimuliwa vibaya tu, tena na watu wenye akili za kuazima. Tumewahi kufungwa fainali? Hatujawahi! Kuna klabu iliyotutoa nusu fainali? Haipo! Kuna vigogo wa bara waliopigwa fainali tatu, nne, na bado wanatembea kifua mbele. Sisi safi kama sahani iliyooshwa.

Nitaiandika ukutani, kwenye korido ya kwenda vyumba vya kubadilishia nguo. Wageni wasome, magoti yagongane.

Nilimweleza shemeji tukiwa mezani. Kosa. Shemeji ni kaka wa mke wangu, anaishi kwetu, ni kinyozi, saluni yake inatazamana na uwanja. Zamani alikuwa kipa wetu. Alipachikwa saba katika mechi moja ya bara, na tangu siku hiyo mji mzima unamwita Nyavu. Alitafuna taratibu, akameza, akasema, "Shemeji, hata mimi sijawahi kuangusha ndege. Sijawahi kuirusha."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Ukoo mzima ule una kijicho.

Jumatano, 3 Septemba

Fundi wa mabango amekuja na ngazi, rangi na maswali. Eti fainali hiyo tulicheza mwaka gani. Nikamwambia ashike brashi, historia aniachie mimi. HATUJAWAHI KUFUNGWA FAINALI YA BARA. Herufi nyekundu, kubwa kama mito ya kulalia, usawa wa kiuno. Nikamwacha anachora, nikaenda redioni kuwaalika mashabiki waje kesho kuona jambo la kihistoria.

Alhamisi, 4 Septemba

Wamekuja! Umati! Wanacheka, wanapigana vikumbo, wanapiga picha. Nikajua ni furaha. Nikapenya mpaka mbele nipokee pongezi.

Ukutani: HATUJAWAHI KUFUNGA FAINALI YA BARA.

W! Bwege yule ameimeza W! Anasema nafasi ilimbana, halafu akaona maneno ni ya kweli hivi na vile, basi akaendelea. Msomi wa ndoo za rangi!

Wachezaji nao wamesoma. Mshambuliaji wetu, tunayemwita Ngazi kwa urefu wake na kwa kuwa kila beki humpanda, alisimama pale muda mrefu, soksi mkononi. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyeandikisha. Nikamwambia ni herufi moja tu imepotea. Akasema iwepo isiwepo, ni kweli. Yeye hajafunga goli la bara. Marehemu baba yake, aliyevaa jezi ya klabu hiihii, hakufunga pia, na alilizungumza jambo hilo mpaka kitandani mwa hospitali.

Akaondoka bila kuaga. Watu wenye hisia hawafai kucheza mpira.

Ijumaa, 5 Septemba

Timu nzima iko saluni kwa shemeji. Eti kunyolewa! Nikachungulia mlangoni. Shemeji ameshika mashine, anawasimulia magoli yake saba, moja moja, kama anayetaja wajukuu. Alisema siku ile viongozi walikuwa wamewaambia kwamba wao ni miamba. Wakaingia uwanjani wakingoja wapinzani waogope.

"Hakuna aliyeogopa," alisema. "Wenzetu walikuwa wanakimbia. Sisi tulikuwa tunashangaa. Kesho kimbieni nyinyi, wanangu."

Mkakati gani huo? Kukimbia! Hata kuku hukimbia. Nikamwambia asiwavunje moyo wachezaji. Akasema nikae anipunguze kisogo, kinatia aibu klabu. Nikakataa.

W nitaiweka kwa mkono wangu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeiweka. Kati ya G na A hapakuwa na nafasi, nikaiandika juu, na mshale. Inapendeza. Ila rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka.

Kamishna wa mechi akaja, koti jeupe pee, akasimama hapohapo kungoja timu zitoke. Akaegemea. Nilitaka kumwambia. Lakini mtu mzima si anajua pa kuegemea? Alitembea uwanja mzima na W nyekundu mgongoni, na jukwaa likapiga kelele "W! W!" Akadhani anashangiliwa. Akapunga mkono.

Jukwaa lilikuwa limejaa, niandike hilo. Walikuja kucheka ukuta, lakini walikuja.

Mechi. Wale vijana walikimbia kama walioumwa na nyuki. Wageni hawakupata hata nafasi ya kuvuta pumzi. Dakika za mwisho kona ikapigwa, Ngazi akapaa juu ya mabeki wawili, kichwa, nyavuni! Moja bila! Ushindi wetu wa kwanza wa bara! Kwa jumla tumetolewa nne kwa moja, lakini watu wazima walikumbatiana na wasiowajua. Ngazi alipiga magoti akatazama juu. Shemeji alikuwa ameshika uzio, machozi yanamdondokea kwenye aproni ya kinyozi. Mimi jicho langu lilikuwa na rangi.

Waandishi wakamuuliza Ngazi amshukuru nani. Akamtaja baba yake. Akamtaja Nyavu. Mimi? Hata kwa bahati mbaya hakunitaja!

Jumapili, 7 Septemba

Mwenyekiti ameniita. Kamishna ameandika ripoti, na koti ameliambatanisha. Ukuta unapakwa chokaa leo. Mimi sifungui mdomo hadharani mpaka msimu uishe, na mkwewe anashika nafasi yangu. Tayari analia.

Nyumbani nikakuta Ngazi amemletea shemeji jezi yake. Mke wangu ameitundika sebuleni, na picha yangu kubwa, niliyopigwa na kitambulisho cha msemaji kifuani, imehamia nyuma ya mlango. Shemeji akaja kukaa karibu nami, bila kejeli. Akasema, "Umeona, shemeji? Ukweli haukuua mtu." Nikamjibu kwamba nimeona, nimekoma.

Kisha nikafikiri. Wageni wetu wa jana waliwahi kuwafunga mabingwa wa bara katika mechi ya kirafiki. Sisi jana tumewafunga wageni hao. Kwa hiyo sisi ni zaidi ya mabingwa wa bara! Hoja haina hata tundu la sindano.

Nimekatazwa kufungua mdomo. Sauti iliyorekodiwa haina mdomo. Kesho asubuhi nakodi gari la matangazo.