Kopo la Mwisho la Moto

Jumatano, 9 Aprili

Fumie, mke wangu,

Jumapili unatimia mwaka tangu uondoke duniani. Nataka kukuwekea mbele ya picha yako kahawa ile ya kopo, ya maziwa, ya moto. Ulikuwa ukiitia kwanza mfukoni ikupashe vidole, ndipo uinywe. Nimefika stesheni. Balaa! Maua yamechanua, baridi inakwisha, kwa hiyo ile mashine ya kuuzia vinywaji inageuzwa iuze vya baridi. Vibandiko vyekundu vya moto vimekuwa bluu, karibu vyote. Kimebaki chako tu. Nikinunua kopo leo, litapoa kabla ya Jumapili. Nimechoka, lakini mpango ninao.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimebandika karatasi kwenye mashine: IMEHARIBIKA. Sasa hatagusa mtu. Nikarudi nyumbani najisifu. Jioni nakutana na Kuroiwa, yule mkuu wa stesheni mstaafu asiyekubali kwamba amestaafu. Ameona karatasi, amempigia fundi simu. Nikamwuliza nani kamtuma. "Bwana Hatano," akasema, "stesheni ikilala, mimi silali." Lo!

Ijumaa, 11 Aprili

Fundi hakuona ubovu wowote. Ila kwa kuwa ameshafika, kageuza vingine vyote kuwa baridi. Makopo yako ya moto yalibaki mawili tu, akayaacha yaishe yenyewe. Kuroiwa akanunua moja papo hapo, huku ananitazama. Nyoka! Kesho nalinda lililobaki.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimelinda. Kiuno kinauma. Nilipopiga mwayo tu, kijana msafiri wa nchi za mbali akashuka kwenye treni na mkoba mkubwa kumzidi, akabonyeza. Puu! Kopo likaanguka. Taa ikawaka: limekwisha. Akalirusha mkono huu, mkono ule, anapiga kelele, anacheka. Kumbe hajapata kuona kopo la moto! Akaliweka shavuni, akafumba macho.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Akaninyooshea, kwa mikono miwili. Nikainama, nikakataa, kama inavyopasa. Akaninyooshea tena. Nikainama zaidi, nikakataa. Mara ya tatu ndiyo ya kupokea, kila mtu anajua. Yeye akatabasamu, akalifungua, akanywa lote! Kuroiwa, kwenye benchi, alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Adabu zitakuua kwa kiu, Bwana Hatano!" Nikamwambia lilikuwa la nani. Akaokota kofia, akaenda zake.

Jumapili, 13 Aprili

Nimenunua la baridi, nikalikumbatia ndani ya koti asubuhi nzima. Halikupata joto. Mimi nimepata kikohozi.

Mlango ukagongwa. Kuroiwa, na kopo lake la juzi ndani ya taulo. Amelipasha katika maji ya moto, kwenye sufuria ya kupashia sake, ile pombe ya mchele. Akasema alilinunua kunikomoa tu, na usiku hakulala vizuri. Nikakataa. Akanyoosha tena. Nikakataa. "Hii ya tatu, mzee wewe, pokea, linaniunguza!"

Nikalishika kidogo kwanza, kama wewe. Kisha nikaliweka mbele ya picha, tukawasha ubani. Lilipopoa tuligawana. Akasema sukari imezidi. Nikamwambia ndivyo ulivyopenda. Akamaliza fungu lake bila kulalamika.

Sasa ameondoka, nami nimepima mambo yote kwa utulivu. Kosa lilikuwa moja tu: karatasi ilikuwa ndogo. Mwakani nitaandika kubwa zaidi, nigonge na muhuri. Nimeshaanza.

Fumie, huko uliko, vidole vikipata baridi, unikumbuke.