Miluzi ya Kocha Mkuu

Jumatatu, 14 Julai
Afisa michezo, Bwana Erasmus, ametangaza. Jumamosi timu yangu ya besiboli itacheza na ya Mwalimu Ikupa, kisha atateua kocha mkuu wa mkoa. Kwani kuna mashaka? Simiyu nzima ni mimi peke yangu niliyewahi kulipwa kwa kurusha mpira. Misimu miwili Dar es Salaam, hadi bega lilipogoma. Wapigaji waliona upepo tu! Ikupa ni mtu wa netiboli, besiboli kajifunzia kwenye simu. Mama kule Sapiwi ameshawaambia wanajumuiya wote kwamba mwanawe ni kocha mkuu. Sikukanusha. Fundi anashona maneno hayo mgongoni mwa jaketi langu.

Jumatano, 16 Julai
Fedheha. Huwa namwonyesha mrushaji kwa vidole arushe mpira gani. Leo Ikupa alikaa pembeni ya mazoezi yetu, anatafuna karanga, akawa anawatajia wachezaji wake kila mpira kabla haujarushwa. Mbele za watu! Nilitabasamu huku roho inaungua.
Jioni akili ikafunguka. Ikupa kwao Tukuyu, atajua nini habari za ng'ombe? Ishara zitakuwa miluzi ya kuchungia! Mluzi wa kuswaga, mpira wa kasi. Wa kurudisha kundi, mpira wa kupinda. Wa kunywesha maji, mpira wa polepole. Najivunia kuzaliwa Msukuma.

Ijumaa, 18 Julai
Malimi, mrushaji wangu, ameishika miluzi papo hapo. Amekulia machungani, fimbo mkononi. Akauliza kama wapinzani hawataielewa. Nikamwambia mwenye kazi ya kufikiri hapa ni kocha. Jaketi limekamilika, nimelivaa hadi gengeni kununua nyanya.

Jumamosi, 19 Julai
Uwanja umejaa. Nikapiga mluzi wa kuswaga. Mpigaji wao, binti wa Mwandu wa mtaani kwetu, akajiweka sawa kabisa. Mpira ukavuka barabara. Nikapiga wa kurudisha kundi. Akausubiri upinde, akautandika hadi kwenye marobota ya pamba ya watu.
Umebaki wa maji. Nikaupiga kwa pumzi yote. Ng'ombe wa mzee Limbu walikuwa wanapita kwenda lamboni. Wakageuka wote, wakaingia uwanjani kutafuta maji! Wakamzunguka Malimi. Dume moja likamaliza ndoo ya wachezaji. Bwana Erasmus alikuwa juu ya meza.
Ikupa akanijia taratibu.
"Kocha Januarius, mimi sijui mluzi hata mmoja. Lakini watoto wangu wote wamechunga."
Iliniuma sana.

Jumapili, 20 Julai
Uteuzi umetoka. Ikupa kocha mkuu, mimi msaidizi wake, upande wa warushaji. Mama kapiga simu. Nimemweleza kwamba Ikupa atashughulika na mambo ya ofisi, mpira wenyewe ni wangu. Jaketi sifumui.
Mechi ya kwanza ya mkoa ni ugenini, Mwanza. Ikupa, muungwana yule, ameniachia ishara zote. Nimemwahidi kwamba miluzi basi. Safari hii nimefikiri kitaalamu: nitampigia Malimi kelele kwa Kisukuma tupu. Watu wa Mwanza wataelewea wapi!